Homa Baada ya Chanjo: Ipi ya Kungojewa Nyumbani, Ipi ya Kukimbiliwa Hospitali

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika mambo yanayoulizwa mara kwa mara darasani, khasa na mama zetu, ni jambo la chanjo za watoto. Wala wengi wao hawaulizi kama chanjo ni halali au haramu, kwani hilo wamekwisha kulielewa. Wao huuliza hivi: "Mwanangu alikuwa mzima, nikampeleka kwa miguu yangu akadungwa sindano, akarudi na homa. Je, huku si kumtia ugonjwa asiyekuwa na ugonjwa?" Na swali hili ni la haki. Mwenye kuliuliza si mjinga. Mjinga ni yule anayemjibu kwa kumkemea.

Na tulipochungua tuliona kuwa watu katika jambo hili wamekuwa makundi mawili, na makundi yote mawili yamekosea. Kundi la kwanza ni wale ambao kila kinachompata mtoto baada ya sindano hukitia katika hesabu ya sindano, wakaapa kutorudi kliniki tena. Kundi la pili ni wale wanaosema, "Hiyo ni homa ya sindano tu, itaondoka," wakakaa nyumbani na mtoto anayeungua, kumbe alicho nacho ni malaria au kichomi. Kundi la kwanza khatari yao ni ya kesho. Kundi la pili khatari yao ni ya usiku huu huu. Na dawa ya makundi yote mawili ni moja, nayo ni kujua: kujua madhara ya kila chanjo, siku zake za kuja na siku zake za kuondoka, na dalili ambazo hazingojewi hata saa moja. Basi haya ndiyo somo letu.

KWA NINI CHANJO HULETA HOMA

Chanjo ni kuutambulisha mwili adui kabla adui mwenyewe hajafika. Kinachotiwa mwilini ni viini vya ugonjwa vilivyouawa, au vilivyodhoofishwa, au sehemu tu ya viini hivyo. Na Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili walinzi wake katika damu. Wakimwona mgeni huyo huamka, wakajifunza sura yake, wakajitayarisha kwa siku atakapokuja mwenye nguvu. Kuamka kwao huko ndiko kunakopafanya mahali palipodungwa pavimbe, pauume na kuwa pekundu. Na ndiko kunakopandisha joto la mwili. Kwa hiyo homa hii, ikiwa katika siku zake na katika kipimo chake, si ule ugonjwa unaochanjiwa. Ni harakati za walinzi. Wala asidhani mtu kwamba mtoto asiyepata homa chanjo yake haikufanya kazi, kwani watoto wengi hawapati homa kabisa na hali wamekingika vyema.

Walakini hatusemi kuwa chanjo haina madhara. Dawa isiyoweza kumdhuru mtu yeyote haiko duniani. Tusemalo ni kwamba madhara yake mengi ni madogo na ya siku chache, na makubwa yake ni nadra, na hayo makubwa yana dalili ambazo mama akizijua humwokoa mwanawe.

HESABU SIKU

Sisi Waislamu ni watu wa kuhesabu siku. Twahesabu mwezi, twahesabu eda ya mjane, twahesabu arubaini ya mzazi. Basi tuitumie hesabu hiyo hiyo katika jambo hili, kwani kila chanjo ina siku zake.

Ya kwanza ni chanjo ya kifua kikuu, ambayo mtoto hudungwa mkono wa kushoto mara baada ya kuzaliwa. Hii aghlabu haileti homa. Lakini baada ya wiki 2 au zaidi hutoka kijipu kidogo, kikapasuka kikawa kidonda, kisha kikakauka polepole na kuacha kovu. Jambo hilo huchukua wiki kadhaa, na pengine miezi 2 au 3. Kidonda hicho kisibanwe, wala kisipakwe majivu wala dawa ya meno wala mafuta. Kioshwe kwa maji safi na kiachwe. Lakini ikiwa tezi ya kwapani imevimba ikawa kubwa, au ikatoa usaha, na apelekwe aonekane.

Ya pili ni sindano ya magonjwa matano, nayo ni dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B, na viini viitwavyo Hib vinavyoleta kichomi na homa ya uti wa mgongo. Hii hudungwa pajani mtoto akiwa wa wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Na wiki 6 ni siku 42, yaani ndipo mzazi anapotoka arubaini. Basi siku hiyo haimpotei mama. Homa yake huanza siku ile ile au siku ya pili, na humalizika katika siku 2 au 3. Paja huvimba na kuuma. Mtoto hulialia, hutaka kubebwa, hulala zaidi, na kunyonya kwake hupungua kidogo. Pengine hubaki chini ya ngozi kijiuvimbe kigumu kisichouma, kikakaa wiki nyingi kisha kikayeyuka. Hicho kisikandwe wala kisichuliwe.

Ya tatu ni chanjo ya surua na rubela, ambayo hutolewa mtoto akiwa wa miezi 9, na mara ya pili akiwa wa miezi 18. Na hapa ndipo wengi wanapopotea hesabu. Homa ya chanjo hii aghlabu haiji siku ile. Huja baina ya siku ya 7 na siku ya 12, wakati mama amekwisha sahau sindano, na pengine hufuatana na vipele vidogo vya muda wa siku chache. Vipele hivyo havimwambukizi mtoto mwingine. Mtoto akiwa anacheza, ananyonya na anakula, basi hakuna la kukhofu.

Faida ya hesabu hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukijua siku za homa ya chanjo, umejua vile vile homa isiyokuwa ya chanjo. Mtoto aliyedungwa ya magonjwa matano, akakaa siku 5 mzima kisha akapatwa na joto, homa yake si ya sindano. Itafutiwe sababu nyingine, na itafutiwe upesi.

YA KUFANYA NYUMBANI

Mtoto mwenye homa ndogo ya chanjo anyonyeshwe kwa wingi, mara nyingi na kidogo kidogo. Avikwe nguo nyepesi, wala asifungwe mablanketi kwa kudhani kuwa jasho litatoa homa, kwani kumfunika ni kulizuia joto lisitoke. Paja likimwuma lifunikwe kitambaa kilichotiwa maji safi ya baridi. Lisipakwe kitu kingine chochote.

Akiwa na joto au maumivu yenye kumsumbua, apewe parasetamoli ya watoto kwa kipimo alichotaja muuguzi, na kipimo hicho huenda kwa uzito wa mtoto, si kwa kukisia kwa kijiko cha chai. Baina ya kipimo na kipimo zisipungue saa 4, wala visizidi vipimo 4 katika mchana na usiku. Wala asipewe kabla ya sindano kwa kutangulia homa, kwani imeonekana kuwa kufanya hivyo huweza kupunguza nguvu za mwili katika kujifunza ile chanjo. Na aspirini asipewe mtoto kabisa.

Lakini lipo jambo moja la kutahadhari. Mtoto wa wiki 6 bado hajatimiza miezi 2, na mtoto wa umri huo homa yake haidharauliwi. Akipata joto, na aonyeshwe muuguzi, ingawa ni siku ya pili ya chanjo. Aghlabu mama ataambiwa arudi nyumbani, na kurudi huko si hasara.

DALILI ZISIZONGOJEWA

Nusu saa ya kwanza baada ya sindano ni ya kukaa pale pale kliniki. Mama wengi wakimaliza huharakisha kutoka, kwani chungu hakijatelekwa na jua limepanda. Lakini yupo mtoto mmoja mmoja, kwa kadiri ya mara moja katika chanjo milioni moja, ambaye mwili wake huikataa chanjo kwa ghafula: uso na midomo huvimba, ngozi hutoka mabaka ya kuwasha, pumzi hubana na kutoa sauti, mtoto hupauka na kulegea. Jambo hili aghlabu huanza katika dakika za mwanzo, na dawa yake ni sindano ya adrenalini ambayo wauguzi huwa nayo. Aliye mbele ya muuguzi hutibiwa pale pale. Aliyekwisha panda matatu yu katika khatari. Na likitokea nyumbani, mtoto akimbizwe hospitali dakika ile ile, wala asipitishwe kwanza duka la dawa.

Ama baada ya hapo, mtoto akionekana na moja katika dalili hizi, siku yoyote iwayo, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi:

1. Hawezi kunyonya wala kunywa, au kila akilacho hukitapika.
2. Amelegea, haamki sawasawa, au hatambui watu.
3. Amepatwa na degedege.
4. Apumua kwa taabu au kwa haraka isiyo ya kawaida, au kifua chabonyea ndani kila avutapo pumzi.
5. Analia mfululizo kwa saa 3 au zaidi, wala habembelezeki.
6. Shingo imekakamaa, au utosi umevimba.
7. Baada ya matone ya chanjo ya kuharisha, analia kwa vipindi huku akikunja magoti tumboni, anatapika, na choo chake kina damu. Hizi huweza kuwa dalili za utumbo kuingiana, jambo lililo nadra sana, ila halina matibabu ya nyumbani.

Na mambo mawili mengine, ingawa si ya kukimbiliwa usiku, yasivuke siku: homa iliyozidi siku 2 au iliyo kali isiyoshuka kwa dawa, na mahali palipodungwa ambapo baada ya siku 3 panazidi kuvimba na kuwa na moto badala ya kupungua, au panatoa usaha.

DEGEDEGE SI SHETANI

Yapasa tulitaje jambo hili peke yake, kwa sababu limewaua watoto wengi wasiostahili kufa. Mtoto baina ya miezi 6 na miaka 5 akipandwa na homa kwa haraka, iwe ya chanjo au ya ugonjwa, huweza kukakamaa, macho yakageuka, viungo vikatetemeka. Wazee wetu walidhani kuwa ni ndege wa usiku au pepo aliyempitia mtoto. Basi hufukizwa moshi, huvalishwa hirizi, na huitwa mganga, na saa zinapita. Na ukweli ni kwamba ubongo mchanga umeshindwa na joto. Degedege la homa peke yake aghlabu hupita lisiache athari. Lakini degedege huweza pia kuwa dalili ya malaria iliyopanda kichwani au ya homa ya uti wa mgongo, na haya huua, wala hapana awezaye kuyatenga kwa macho.

Basi la kufanya ni hili. Mlaze mtoto ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumwumiza. Usimtie kijiko wala kidole kinywani, wala usimpe maji wala dawa. Usimshike kwa nguvu. Angalia saa ujue limechukua muda gani, kisha umpeleke hospitali, hata likiwa limekwisha. Likizidi dakika 5, usingoje liishe. Na ukitaka kumsomea mwanao, msomee. Lakini msomee njiani ukielekea hospitali.

HOMA ISIYO YA SINDANO

Jogoo huwika, kisha jua likachomoza, wala si jogoo aliyelitoa jua. Kadhalika si kila kijacho baada ya sindano kimeletwa na sindano. Watoto wa miezi ya mwanzo huugua mara nyingi, na chanjo zao ni nyingi katika miezi hiyo hiyo; basi hapana budi mambo haya mawili yakutane pengine katika wiki moja.

Na sisi wa Pwani tuna sababu yetu ya kuzidi kuangalia. Kutoka Kwale hadi Kilifi, Tana River na Lamu, malaria iko pamoja nasi. Mtoto kudungwa sindano Jumatatu hakumzuii mbu kumwuma Jumatatu hiyo hiyo, na yamkini alikwisha umwa wiki mbili nyuma na ugonjwa uko njiani. Homa ya malaria na homa ya chanjo ukizigusa kwa kiganja cha mkono ni moto mmoja. Kinachozitenga ni tone la damu kutoka kidoleni, na jibu lake hupatikana kliniki kwa dakika chache. Malaria huweza kumwondoa mtoto mchanga katika siku moja au mbili. Basi anayesema "ni sindano tu" hali homa imevuka siku zake, na asifanye ila kwanza damu ya mtoto imepimwa.

WATU WAZIMA NA MAHUJAJI

Chanjo si za watoto peke yao. Mwenye kwenda Hija hudaiwa na serikali ya Saudia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na msafiri kutoka Kenya hudaiwa pia cheti cha homa ya manjano. Zote mbili zifanywe zikiwa zimebaki siku 10 au zaidi kabla ya kuwasili. Na heri zitangulie zaidi ya hapo, ili kama kutakuwa na maumivu ya mkono, kuumwa na kichwa au homa ya siku chache, yapite mtu akiwa kwao wala si katika ihramu.

Lakini mzee aliyevuka miaka 60, na mja mzito, na mwenye ugonjwa au dawa zenye kudhoofisha nguvu za mwili, na mwenye kudhurika vibaya na mayai, wasidungwe ya homa ya manjano kabla ya kuonana na daktari na kumweleza hali zao, kwani kwao madhara yake makubwa, ingawa ni nadra, ni karibu zaidi kuliko kwa wengine. Na yeyote aliyechanjwa hiyo, akapatwa katika siku za baadaye na homa kali, macho kuwa ya manjano, kuchanganyikiwa au udhaifu mkubwa, na asiseme ni uchovu.

KUSEMA KWELI NI KATIKA DAWA

Tumeyataja madhara haya wazi wazi, na huenda wakasema watu kwamba kuyataja ni kuwatia watu khofu. Sisi twaona kinyume chake. Mama aliyeambiwa mapema, "Siku ya pili atapata joto, na siku ya nne litakuwa limekwisha," hushika adabu ya subira. Yule aliyefichwa huona amekhiniwa, na hatamwamini tena muuguzi wala sheikh.

Mwaka 1955, katika siku za mwanzo za chanjo ya polio huko Marekani, zilitoka chupa ambazo viini vyake havikuuawa sawasawa. Watu karibu 200 wakapooza na 10 wakafa. Jambo hilo liligunduliwa kwa sababu madaktari na wazazi walitoa khabari ya waliyoyaona, na kwa khabari hizo chanjo ilisimamishwa, ikachunguzwa, na kanuni za kuitengeneza zikakazwa. Basi ukiona dhara kubwa baada ya chanjo, usilipeleke barazani peke yake. Lipeleke kliniki pamoja na kitabu cha mtoto kilichoandikwa chanjo na tarehe yake, na uombe liandikwe. Hapa Kenya Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayopokea taarifa hizo. Na swali la kama chanjo iliyobaki iendelee au isimame lijibiwe na daktari. Homa ndogo si sababu ya kuacha, bali mwili ulioikataa chanjo kwa ghafula ni jambo la kupimwa upya.

Na katika mji wa Merka, pwani ya ndugu zetu wa Somalia, alikuwako mpishi wa hospitali jina lake Ali Maow Maalin. Mwezi wa Oktoba 1977 alishikwa na ndui, akawa mtu wa mwisho ulimwenguni kuupata ugonjwa huo kwa njia yake ya kawaida. Chanjo ilikuwa karibu naye, naye aliikwepa, kwa kuwa alikhofu maumivu ya kudungwa. Mwenyezi Mungu akamponya. Miaka mingi baadaye alizunguka kwa wazazi wa nchi yake akiwahimiza wawachanje watoto polio, akiwasimulia khofu yake mwenyewe bila ya kuificha, nao wakimsikiliza. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo, na kilichomwondoa ni malaria.

Basi tulishike somo hili kwa maneno machache tuyafundishe majumbani: ngoja nusu saa kliniki, hesabu siku za homa, mtazame mtoto kuliko unavyoitazama homa, kwani asiyenyonya na aliyelegea hangojewi, na homa iliyovuka siku zake ipimwe damu. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni baada ya kutimiza sababu, si badala yake. Naye ndiye Mwenye kuponya, na kwake twaomba afya ya watoto wetu. Amin.